Mawe ya figo: Maumivu yakiisha, tiba haijaisha

Aliyewahi kuumwa na jiwe la figo hahitaji kusimuliwa ukali wake. Maumivu huanzia ubavuni, nyuma chini ya mbavu, yakashuka hadi kinenani, na mgonjwa hapati mkao. Akikaa hawezi, akilala hawezi, anatapika na jasho linamtoka. Akifikishwa hospitali anachomwa sindano, na baada ya saa chache anapata nafuu. Anaandikiwa dawa, na kwenye kadi inaandikwa tarehe ya kurudi. Tarehe inapofika haumwi tena, basi anakwenda zake shamba au kibaruani na kadi inabaki kabatini.

Makala ya leo yanamhusu mtu huyo. Tunamlenga hasa ndugu yetu wa Msamala na mitaa mingine ya Manispaa ya Songea, kwa sababu hali yake ina uzito wa peke yake. Hospitali ya rufaa ya mkoa anayo hapo hapo mjini, na Peramiho si mbali. Lakini mara nyingi jiwe likihitaji kuvunjwa au kutolewa kwa vifaa maalumu, huandikiwa rufaa ya kwenda Mbeya, Moshi au Dar es Salaam. Anatibiwa mbali, anarudi nyumbani kwa basi, na ufuatiliaji unakatikia njiani. Kwa hiyo kuna jambo moja tunaomba alishike vizuri: kuisha kwa maumivu si ushahidi kwamba jiwe limetoka.

Kwa nini maumivu huisha na jiwe likabaki

Mkojo unaotengenezwa na figo hushuka hadi kwenye kibofu kwa kupitia mrija mwembamba uitwao ureta. Kwa mtu mzima mrija huo una urefu wa sentimita 25 hadi 30 hivi, na upana wake wa ndani ni milimita 3 hadi 4 tu. Zipo sehemu tatu ambazo ni nyembamba zaidi: pale unapoanzia kwenye figo, pale unapovuka mishipa mikubwa ya damu karibu na nyonga, na pale unapoingia kwenye kibofu. Jiwe likiwa limetulia ndani ya figo linaweza kukaa miaka bila kumsumbua mtu. Likiteremka na kukwama katika moja ya sehemu hizo, mkojo hurundikana nyuma yake, figo hutanuka, na hapo ndipo mtu anapolia.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Maumivu yale yanatokana na mkandamizo kupanda kwa ghafla. Jiwe likigeuka kidogo mkojo ukapata pa kupita, mkandamizo hushuka na maumivu hutulia, ingawa jiwe liko pale pale. Na hata likiziba kabisa, baada ya muda figo ya upande ule hupunguza kazi yake ya kuchuja, mkandamizo unashuka na mgonjwa anapata usingizi. Anasema alhamdulillahi nimepona, kumbe figo ndiyo iliyoacha kazi. Ikiendelea hivyo kwa wiki nyingi, sehemu ya figo hiyo hufa na haitarudi tena.

Linalotisha zaidi ni kwamba hakuna kitakachomwonya. Figo ya pili huchukua kazi yote, anakojoa kama kawaida, anakula na kufanya kazi. Habari ya figo iliyokufa huja kujulikana miaka kadhaa baadaye, pengine alipokwenda kupimwa kitu kingine kabisa. Kipimo cha altrasaundi, ambacho huchukua dakika chache na hakina maumivu, kingeweza kumwonesha mapema kwamba figo imejaa maji.

Ukiambiwa "litatoka lenyewe"

Daktari akikuambia jiwe litatoka lenyewe, hajakupuuza. Mawe yasiyozidi milimita 5 yaliyokwisha kuingia kwenye ureta, takriban theluthi mbili yake hutoka bila upasuaji. Yale ya milimita 5 hadi 10 hutoka kwa karibu nusu ya wagonjwa. Makubwa zaidi ya hapo ni nadra kutoka. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza daktari ni ukubwa wa jiwe lako kwa milimita na mahali lilipo, na uombe iandikwe kwenye karatasi yako.

Kusubiri huko kuna mwisho wake. Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6, si zaidi, halafu unarudi kupimwa, uwe unaumwa au huumwi. Wengine hupewa dawa ya kulegeza mrija ili jiwe lipite kwa urahisi, nayo ni tamsulosini. Dawa hiyo inaweza kumletea mtu kizunguzungu anaposimama haraka, hivyo inuka taratibu, hasa unapoamka usiku.

Katika siku hizo chuja mkojo wako. Hili wengi hulionea aibu au hulidharau, na ni kosa. Tumia chujio la chai ambalo halitarudishwa jikoni, au kitambaa cheupe kisafi ulichokitandika juu ya chombo. Ukipata kijiwe, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, kioshe, kikaushe, kiweke kwenye kichupa kisafi na ukipeleke hospitali. Kwanza utakuwa na uhakika kwamba kuna kilichotoka. Pili, penye maabara yenye uwezo, kitapimwa kujua ni jiwe la aina gani, na hapo ndipo ushauri wote wa baadaye unapojengwa.

Kuhusu maji, usijilazimishe kunywa ndoo nzima wakati maumivu yamekushika ukidhani utalisukuma jiwe. Halisukumwi hivyo, na kwa mtu anayetapika ni kujiongezea taabu. Kunywa kiasi unachoweza. Wakati wa kunywa kwa wingi ni baada ya hapo, na tutafika.

Dawa za maumivu nazo zina adabu yake. Ruvuma ndiyo mkoa ambao mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu ulianzia kwa majaribio mwaka 2003 kabla ya kusambazwa mikoa mingine, hivyo watu wa Songea wamezoea kupata dawa karibu na nyumbani. Hilo ni jema. Lakini dawa kama diklofenaki, ambayo hutuliza sana maumivu ya jiwe, ikimezwa kwa wiki kadhaa bila kupimwa, hasa kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha, mwenye kisukari, shinikizo la damu au figo iliyokwisha dhoofika, huidhuru figo ile ile tunayotaka kuiokoa. Anayenunua vidonge hivyo kila maumivu yanaporudi anazima king'ora huku moto unawaka.

Yapo mambo ambayo hayasubiri tarehe ya kadi. Homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu ni la kwanza. Hiyo maana yake ni kwamba nyuma ya jiwe huenda kuna usaha, na mkojo ulioziba wenye vijidudu unaweza kuingiza sumu kwenye damu na kuua mtu ndani ya saa au siku chache. Nenda hospitali usiku huo huo. Kukosa mkojo kabisa, kutapika hata maji hayakai, damu nyingi yenye mabonge, au maumivu yasiyotulizwa na dawa uliyopewa, hayo nayo ni ya haraka. Mwenye figo moja na mama mjamzito wasisubiri hata dalili ya pili.

Mrija uliosahaulika

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wa mbali wanapoumia.

Zamani jiwe kubwa lilitolewa kwa kupasua ubavu. Mwezi Februari 1980, katika mji wa Munich, Ujerumani, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza kwa kulivunja jiwe kwa mawimbi ya mshtuko yanayopigwa nje ya mwili, bila kisu. Tangu hapo zimeongezeka njia nyingine, kama kuingiza kifaa chembamba kwa kupitia njia ya mkojo na kulivunja jiwe kwa miale, au kuifikia figo kwa tundu dogo mgongoni. Kupasua bado kupo pale panapobidi. Katika nyingi ya njia hizi, daktari anaweza kukuachia ndani mrija laini wa plastiki, uitwao stenti, wenye ncha mbili zilizojikunja. Ncha moja hukaa kwenye figo na nyingine kwenye kibofu. Kazi yake ni kuhakikisha mkojo unashuka wakati uvimbe unapona na vipande vinatoka.

Mrija huo hauonekani kwa nje, wala hauyeyuki. Usipotolewa unabaki humo. Mgonjwa aliyefanyiwa matibabu Dar es Salaam akarudi Songea, safari ya zaidi ya kilomita 900, huona hana haja ya kulipa nauli tena kwa sababu hana shida. Pengine hakuelezwa vizuri kwamba kuna kitu kimebaki mwilini, au alielezwa wakati bado ana ulevi wa dawa ya usingizi na ndugu aliyemsindikiza hakuwepo.

Kinachotokea baadaye ni hiki. Chumvi za mkojo, zile zile zilizotengeneza jiwe la kwanza, huanza kuganda juu ya plastiki. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1991 uliangalia mirija iliyotolewa kwa wagonjwa na kukuta kwamba iliyokaa chini ya wiki 6 ilikuwa na magamba kwa chini ya asilimia 10. Iliyokaa wiki 6 hadi 12 ilikuwa karibu nusu, na iliyopita wiki 12 ilikuwa zaidi ya robo tatu. Mrija wenye magamba hauvutiki. Unaweza kukatika ndani, ukaziba, ukaleta maambukizi. Na kazi ambayo ingekuwa ya dakika chache kwa ganzi ya kawaida inageuka kuwa upasuaji mmoja au miwili mikubwa, na wapo waliopoteza figo kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kabla hujatoka wodini uliza kwa kinywa chako: "Je, nimewekewa mrija ndani? Utatolewa tarehe ngapi, na hospitali gani iliyo karibu na kwetu inaweza kuutoa?" Huenda ukaambiwa unaweza kuutolea Mbeya badala ya kurudi Dar es Salaam, ukaokoa sehemu kubwa ya safari. Muda wa kukaa nao huamuliwa na daktari. Wengi huwa ni siku chache hadi wiki 6, na mwenye kutengeneza mawe asiuache upite miezi 3 bila kutolewa au kubadilishwa. Tarehe hiyo iandike kwenye kadi, kwenye simu yako, na mpe pia mkeo, mumeo au mwanao mkubwa. Nauli ya kwenda kuutoa itengwe siku ile ile unapotafuta nauli ya kwenda kutibiwa.

Ukiwa na mrija usishangae kukojoa mara kwa mara, kusikia mchomo ubavuni unapokojoa, au kuona mkojo wa rangi ya waridi baada ya kutembea sana au kubeba mzigo. Hayo ni ya kawaida, kunywa maji na upumzike. Homa si ya kawaida. Wapo pia wanaoacha kwenda msikitini kwa sababu mkojo unawatoka bila kujizuia. Sheria ya dini yetu ina nafasi ya mtu mwenye udhuru wa namna hiyo, na sheikh wa msikiti wako atakueleza namna ya kujitwaharisha na kuswali. Usijifungie nyumbani kwa haya.

Waliovunjwa mawe wasidhani kwamba kuvunjwa ndiyo kutoka. Vipande vinapaswa kuteremka, na vingine hubaki kwenye vyumba vya chini vya figo vikawa mbegu ya jiwe jipya. Ndiyo maana hutakiwa kurudi kwa altrasaundi au eksirei baada ya wiki kadhaa. Tukumbushe kwamba mawe ya asidi ya yuriki hayaonekani kwa eksirei ya kawaida, hivyo filamu safi peke yake isikutoshe kama jiwe lako lilikuwa la aina hiyo.

Jiwe la pili

Mtu aliyepata jiwe mara moja, uwezekano wa kupata jingine ndani ya miaka 10 ni kati ya theluthi moja na nusu. Ukiwa na ndugu wa damu mwenye mawe, au uzito mkubwa, kisukari au jongo, uwezekano unapanda. Hatusemi haya kumtia mtu hofu, maana sehemu kubwa ya kinga iko mikononi mwake na haina gharama.

Kinga ya kwanza ni maji. Madaktari wa Parma, Italia, waliwafuatilia wagonjwa 199 kwa miaka 5 baada ya jiwe lao la kwanza, wakachapisha matokeo mwaka 1996. Nusu waliambiwa wanywe maji mengi hadi wapate lita 2 au zaidi za mkojo kwa siku, nusu wakaachwa na mazoea yao. Waliokunywa maji, 12 kati ya 99 walipata jiwe tena. Wengine walikuwa 27 kati ya 100. Hakukuwa na dawa yoyote hapo, ni maji tu.

Lengo linaloshauriwa sasa ni kupata mkojo wa lita 2 na nusu kwa siku. Ili ufike hapo utahitaji kunywa kama lita 3, na zaidi ukiwa kazini juani. Kwa Songea miezi ya Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea, mtu wa jembe au fundi wa matofali hutoka jasho jingi na mkojo wake huwa kama chai ya rangi. Usihesabu glasi peke yake. Chukua dumu la lita 5, likusanyie mkojo wa siku moja kuanzia asubuhi hadi asubuhi, uone umefika wapi. Ukishafanya hivyo mara mbili tatu utajua mwili wako unataka nini. Siku nyingine angalia rangi tu; iwe nyeupe au njano hafifu. Kunywa na unapokwenda kulala, kwa sababu mkojo wa usiku ndio hukolea zaidi. Maji yawe yamechemshwa au yametiwa dawa, tusije tukakimbia mawe tukaangukia kuhara.

Wako watu ambao kazi zao zinawazuia kunywa. Dereva wa bodaboda hanywi ili asishuke njiani. Mama anayeuza mboga sokoni hanywi kwa sababu choo kiko mbali au ni kichafu, na hawezi kuacha biashara yake. Huyu wa pili tunamwonea huruma zaidi, na viongozi wa masoko wajue kwamba choo kisafi ni dawa ya figo pia. Kwa sasa kubaliana na jirani yako wa meza mlindiane bidhaa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo iliyoshindwa kazi asifuate kiasi hiki cha maji mpaka amwulize daktari wake.

Na wale wanaowashauri wagonjwa wanywe bia "kusafisha figo", tunasema Mwislamu hana haja na ushauri huo, na mgonjwa wa dini yoyote pia hana. Kinachosafisha hapo ni wingi wa maji, na maji yapo bombani.

Chakula

Watu wengi wakishasikia kwamba mawe mengi, kama manne kati ya matano, yana kalisi ndani yake, jambo la kwanza ni kuacha maziwa na dagaa. Hapo wanakosea. Madaktari wale wale wa Parma mwaka 2002 walitoa utafiti mwingine wa wanaume 120 waliofuatiliwa miaka 5. Waliopunguziwa kalisi walipata mawe tena 23 kati ya 60. Waliokula kalisi ya kawaida lakini wakapunguza chumvi na nyama walikuwa 12 kati ya 60. Sababu ni kwamba kalisi ya chakula hukutana tumboni na kitu kiitwacho oksaleti, vikashikana vikatoka na choo. Kalisi ikikosekana, oksaleti huingia kwenye damu, na figo ndiyo inayopata shida.

Oksaleti iko kwa wingi katika mchicha, spinachi, karanga, korosho na chai ya rangi iliyokolea. Kwa watu wa Ruvuma hapo pana kazi, maana mchicha wa karanga ni mboga ya nyumbani na korosho za Tunduru zinapita mjini kila msimu. Hatumkatazi mtu. Chemsha mchicha kwa maji mengi, mwaga maji yale ya kwanza, ndipo uunge. Oksaleti kiasi itakwenda na maji. Kula pamoja na maziwa mgando au dagaa katika mlo ule ule. Korosho ziwe za kuonja, si za kushindia kutwa. Kabichi ipishane na mchicha.

Chumvi ndiyo tunayoiwekea mkazo. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Chumvi nyingi huifanya figo imwage kalisi kwenye mkojo. Dagaa wa Ziwa Nyasa waliokaushwa kwa chumvi waroweke na uwaoshe kabla ya kuwapika, na chumvi isiwekwe mezani. Nyama nyekundu ya kila siku, utumbo na maini vipungue, hasa kwa mwenye jiwe la asidi ya yuriki. Juisi ya ndimu au limau kwenye maji, bila sukari nyingi, inasaidia kwa sababu ina sitreti ambayo huzuia chembe zisishikane. Soda, hasa zile nyeusi, hazihesabiwi kama maji. Na vidonge vya vitamini C vya miligramu 1000 vinavyomezwa kila siku "kuongeza kinga" mwenye mawe aviache, kwa kuwa mwili hugeuza sehemu yake kuwa oksaleti.

Mchanga kwenye mchele hauleti jiwe la figo. Swali hilo huulizwa sana. Mchanga unapita tumboni na kutoka kwa njia yake, haufiki kwenye figo.

Dawa za kuyeyusha

Mawe ya asidi ya yuriki ndiyo yanayoweza kuyeyushwa kwa dawa za kupunguza ukali wa mkojo, kama potasiamu sitreti, na hiyo hutolewa na daktari anayekupima damu. Mawe ya kalisi, ambayo ndiyo mengi, hakuna kidonge wala mzizi unaothibitishwa kuyayeyusha. Mwuza dawa za asili anayejisifu kuyeyusha mawe, mwombe akuoneshe altrasaundi ya kabla na ya baada. Mara nyingi atakachokuonesha ni mtu ambaye maumivu yamekwisha, na tumekwishaona hilo lina thamani gani.

Hata dawa za hospitali hazimfai kila mtu. Kwa miaka mingi wenye mawe ya kalisi walipewa haidroklorothayazaidi, moja ya dawa za shinikizo la damu, ili kuzuia jiwe lisirudi. Utafiti wa Uswisi wa wagonjwa 416, uliochapishwa mwaka 2023, haukuona tofauti ya maana kati yake na kidonge kisicho na dawa. Kwa hiyo usiazime vidonge vya jirani kwa sababu na yeye alikuwa na mawe.

Damu kwenye mkojo na usafi

Si kila damu ya mkojo ni jiwe. Kichocho cha mkojo kipo katika nchi yetu, na kikikaa muda mrefu bila kutibiwa kinaweza kuharibu kibofu na kuubana mrija wa ureta kwa chini, mkojo ukarundikana vile vile kama penye jiwe. Ikiwa ulikulia penye maji yaliyotuama, mito au ziwani na ulikuwa ukioga humo, mweleze daktari. Mtu mzima anayetoa damu bila maumivu yoyote achunguzwe kibofu pia, asitulizwe kwa neno "ni vijiwe tu".

Yapo mawe yanayotengenezwa na maambukizi. Aina fulani za bakteria hubadilisha mkojo, na jiwe hukua haraka hata likajaza figo nzima. Hayo huwapata zaidi wanawake na watu waliowekewa mipira ya mkojo kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwanamke mwenye maambukizi ya mkojo yanayojirudia afanyiwe altrasaundi na kipimo cha kuotesha mkojo, badala ya kupewa antibayotiki ile ile kila mwezi. Kutawadha chooni kuanzie mbele kwenda nyuma, na mkojo usibanwe kwa saa nyingi. Aliyetolewa jiwe la aina hii akaachiwa kipande kidogo ndiye anayehitaji kufuatiliwa kwa karibu kuliko wote.

Kurudi mara ngapi

Kama hukuwa na tatizo la pekee: baada ya wiki 4 hadi 6 upimwe kuhakikisha jiwe limetoka na figo haijajaa maji, baada ya miezi 6 tena, halafu mara moja kwa mwaka. Kila mara upime mkojo, na kreatinini ya damu angalau kwa mwaka mara moja. Aliyepata jiwe zaidi ya mara moja, mtoto, na mwenye figo moja wapimwe pia kalisi na asidi ya yuriki kwenye damu, maana wakati mwingine chanzo ni tezi ndogo za shingoni zinazofanya kazi kupita kiasi, na tezi hiyo hutibika.

Mengi ya haya hayahitaji safari ya Dar es Salaam. Altrasaundi, mkojo na kreatinini hufanyika Songea. Unachohitaji ni kutunza karatasi: ripoti ya matibabu, picha, ukubwa wa jiwe, tarehe ya mrija. Weka zote kwenye bahasha moja, na uzipige picha kwa simu, ili daktari wa hapa asianze upya.

Mwezi wa Ramadhani

Mkojo wa mfungaji hukolea kadiri mchana unavyosonga. Mwenye kijiwe kidogo kilichotulia, asiyeumwa, na figo zake ni nzima, wengi wao hufunga salama, ila wapange maji yao: glasi mbili wakati wa kufuturu, kisha moja kila saa hadi kulala, na mbili au zaidi wakati wa daku, badala ya kumeza lita nzima kwa mkupuo. Futari ipunguzwe chumvi na chai ya rangi. Mwenye jiwe lililokwama kwenye ureta, mwenye mrija, aliyetibiwa karibuni au ambaye kreatinini yake iko juu, aende kwa daktari mwezi wa Shaabani kabla mwandamo haujafika. Akiambiwa asifunge, ruhusa ya mgonjwa inajulikana, na atalipa atakapopona.

Anayetarajia kwenda Hija au Umra na amewahi kuwa na mawe afanye altrasaundi miezi miwili mitatu kabla ya safari, wakati bado kuna nafasi ya kutibiwa. Joto la Makka na kutembea kwingi humkausha mtu haraka, na jiwe lililokuwa limelala Msamala linaweza kuamkia Mina. Abebe nakala ya ripoti yake na chupa ya maji mkononi, na amjulishe kiongozi wa msafara wake.